Skripti Iliyojibu Ndiyo

Baba yangu hagusi tena kibodi. Akiingia kwenye chumba chenye seva husimama hatua moja kutoka mezani, mikono nyuma, mkono mmoja umeshika kidole gumba cha mwingine, anasoma skrini kwa macho tu. Mgeni angedhani ni mazoea ya kazi, maana alikuwa askari jela miaka yote ya utoto wangu, na hata akisubiri chai husimama hivyo. Lakini hii ni nyingine. Mikono ile niliirudisha nyuma mimi, na naandika haya kwa sababu nimechoka kujisimulia peke yangu kila nikienda kwake Luzira.

Seva yenyewe si kitu cha kutisha. Ni kompyuta ya mezani iliyokuwa inatupwa ofisini kwetu. Niliiokota, nikaiongezea diski, nikaipeleka nyumbani kwa wazazi, kwa sababu chumba ninachopanga Kyambogo umeme wake una vituko. Niliiweka kwenye chumba alichokuwa akishonea mama. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na cherehani yake ilikuwa bado pale dirishani, imefunikwa shuka. Ndani ya seva niliweka programu ya kuhifadhi sauti, na ndani ya programu hiyo zilikaa nyimbo za kwaya ya Wakongo wanaosali hatua chache kutoka kwa baba.

Kazi hiyo nilijitakia, tena kwa majivuno. Kiongozi wa kwaya, mama mmoja muuza vitenge kutoka mashariki ya Kongo, alikuwa akilalamika kwamba simu yake imejaa nyimbo mpaka haipigi picha. Nikamwambia asihangaike, nitawawekea mahali pao wenyewe, ambapo kila mwanakwaya atasikiliza kwa simu yake popote alipo. Wakaniletea simu zao na flashi zao, mazoezi ya miaka sita, nyimbo walizotunga kwenye kambi ya wakimbizi na walizotunga baada ya kufika Kampala. Baadhi ya wenye sauti zile walishahamia nchi za mbali. Mzee mmoja wa besi alishazikwa.

Programu za namna hii zinataka kusasishwa kila mara, la sivyo zinachakaa na kuwa mlango wazi kwa wezi wa mtandaoni. Ningeweza kuifanya kazi hiyo kutoka Kyambogo kwa laptop yangu bila hata kuvaa viatu. Nikampa baba, makusudi. Tangu mama aondoke alikuwa akikaa kwenye kiti cha mlangoni tangu asubuhi, viatu vimeng'arishwa, hana pa kwenda. Nikamfundisha amri moja tu, nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi, na kila Jumamosi saa nne asubuhi aliiandika, akabonyeza, mashine ikaanza kuuliza maswali yake, naye akanipigia simu.

"Afande," alikuwa akianza hivyo, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha, na kwake anayekufundisha ni mkubwa wako. Ulikuwa utani, lakini hakuuacha hata Jumamosi moja. "Hii kitu nauliza swali."

"Inasemaje?"

Hapo ananisomea Kiingereza cha mashine herufi kwa herufi, pamoja na nukta na nafasi.

"Baba, soma neno zima."

"Mimi nasoma vile iko."

Nikimwambia abonyeze herufi y, yaani ndiyo, anabonyeza, anangoja skrini, kisha anasema, "Imekubali." Halafu nasikia karatasi. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu alilolichorea mistari kama kitabu cha matukio cha kazini kwake: tarehe, saa, imeuliza nini, imejibiwa nini, aliyeamuru, aliyebonyeza. Kwenye safu ya aliyeamuru aliandika Afande. Kwenye aliyebonyeza aliandika cheo chake cha kustaafia.

Jioni alivaa kofia akaenda kwenye ukumbi wa kwaya. Kabla ya mazoezi, yule mama muuza vitenge alikuwa akimpa nafasi, naye alisimama mbele yao wima na kutoa ripoti. "Nyimbo yote iko ndani. Hakuna iliyotoroka." Wakongo walicheka wakapiga makofi kila Jumamosi kana kwamba hawajawahi kuisikia. Walimwita Papa Gardien, yaani mlinzi, kwa Kifaransa chao, na walimwekea kiti cha plastiki pembeni ya waimba besi. Mzee wa kaskazini mwa Uganda asiyejua hata neno moja la zile nyimbo za lugha za kwao, anatikisa kichwa mpaka mwisho. Niliwahi kumwona hivyo mara moja tu, nikafurahi kweli. Hilo nalijua, na ndilo linalonisumbua zaidi, kwamba nilijua.

Sasa nije kwenye aibu yenyewe. Jumamosi saa nne nilikuwa na kikundi cha wenzangu wa kompyuta. Tulikutana mgahawani karibu na chuo, tunaonyeshana kazi zetu, tunasifiana. Simu ya baba ilikuwa ikiingia katikati ya mazungumzo, na baba huongea na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya ukuta. Kampala, Kiswahili wengi wamekua wakikisikia kinywani mwa mtu mwenye bunduki, na kile cha baba ndicho hasa, Kiswahili cha kambi za askari. Wenzangu walikuwa wakinyoosha mikono juu, wanasema, "Tumekamatwa!" Nami nilicheka nao. Kisha nikaanza kutoka nje kupokea, kisha nikaanza kutopokea, nampigia baadaye na kumwambia nilikuwa kwenye mkutano. Nilimwonea aibu baba yangu mbele ya watu ambao leo siwasalimii hata mara moja kwa mwezi.

Ndipo nikaandika skripti. Kwa asiyejua mambo haya, skripti ni karatasi ya maagizo unayoiachia mashine, nayo inayatekeleza mstari kwa mstari bila kukuita. Yangu haikufika mistari ishirini. Iliagiza toleo jipya la programu. Ilijibu ndiyo kwa kila swali ambalo mashine ingeuliza. Ilizima programu ya zamani na kuwasha mpya, ikafuta kila kilichokaa kwenye diski bila programu ya kukitumia, ili uchafu usijae, ikafananisha diski ya pili na ya kwanza, kila kitu sawa, hiyo ndiyo iliyokuwa akiba yetu. Mwisho ilinitumia neno moja kwenye simu: Salama. Neno hilo lilikuja tu, hata kama mambo yameharibika huko nyuma. Kulifungia mpaka kila hatua ifaulu ilikuwa kazi ya dakika tano, na sikuona haja.

Niliwaonyesha wenzangu. Simu ikazunguka mezani ikiwa na lile neno, na mmoja akasema, "Sasa umemstaafisha mzee mara ya pili." Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Baba nilimwambia kwa simu. "Mashine sasa inajijibu yenyewe, Baba. Wewe pumzika."

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Hakuna kubonyeza."

"Sawa, Afande," alisema. Nikadhani yameisha. Kumbe kila Jumamosi saa nne aliendelea kuingia, akakaa mbele ya skrini, akaangalia maandishi ya skripti yangu yakipita mbio, akaandika alichowahi. Na jioni aliendelea kwenda kutoa ripoti.

Miezi ikapita vizuri, nikavimba kichwa. Halafu likaja toleo ambalo waliolitengeneza walikuwa wamebadilisha namna ya kuhifadhi sauti. Lilitaka nyimbo zihamishwe kwanza kwa mkono, ndipo programu mpya iwashwe. Lilionya, likauliza kama kweli tunataka kuendelea. Skripti yangu ikajibu ndiyo. Programu mpya ikaamka, ikakuta hifadhi ya zamani, haikuielewa, ikazimika. Ukafuata mstari wa kufagia, unaotafuta vitu visivyo na programu ya kuvitumia. Nyimbo zote zilikuwa hivyo kwa wakati ule, maana programu ya zamani imezimwa na mpya imeshindwa kuamka. Zikafutwa. Diski ya pili ikafananishwa na ya kwanza, nayo ikawa tupu. Mimi nilikuwa mgahawani na chapati ya mayai mkononi wakati neno Salama lilipoingia.

Mama wa kwaya alinipigia Jumatatu kwamba wakifungua hawaoni kitu. Nikaingia kwenye seva kwa laptop, nikasoma kumbukumbu za mashine. Hazikuhitaji kusomwa mara mbili, lakini nilizisoma mara tatu, nikitafuta kosa la mtu mwingine. Halikuwepo. Kuanzia dakika ile hakuna kitu ambacho sikukijua. Nataka hilo lieleweke kabla sijasema nilichofanya.

Nilipofika Luzira, mama wa kwaya alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, na baba amesimama kando yake.

"Tunafungula, hakuna kitu," mama akaniambia. "Ile nyimbo yote imekwenda wapi?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa na maneno matatu, skripti yangu imezifuta. Badala yake nikasema, "Inaonekana kuna kitu kiliguswa."

Mama akamtazama baba. Baba akatazama mikono yake.

"Jumamosi mimi nilipanguza," alisema polepole. "Na kitambaa. Ile ya vifungo ilikuwa na vumbi."

Hapo mtu mwaminifu angesema ukweli. Mimi nikasema, "Baba, si nilikwambia usiguse?"

Sikuwahi hata kumwambia asiguse. Niliyatunga maneno hayo palepale.

"Basi ni mimi," alisema baba. Akavua kofia. "Mama, munisamehe. Miaka yangu yote ya kazi sijapoteza hata ufunguo moja."

"Papa, usiumize roho," mama alimwambia, akamshika mkono. "Uzee njo vile. Sisi wote tunazeeka." Ukarimu ule ulinichoma, na bado nikaacha uongo wangu usimame.

Wiki nzima nilihangaika kufufua kilichofutwa, nikapata vipande vipande vya sauti visivyo na kichwa wala mkia. Kwaya ikaanza kukusanya tena kutoka kwenye simu za watu, hata za walioko ng'ambo. Takribani nusu ya nyimbo zilirudi. Yule mzee wa besi aliyezikwa alirudi kwa wimbo mmoja tu, tena amesimama mbali na simu. Nilifanya kazi hiyo kwa bidii sana, na mama wa kwaya akawaambia watu wana bahati ya kuwa nami. Mama huyo alimletea baba bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila wiki, asijione mkosaji. Baba alikula, akaosha bakuli, akalirudisha. Ukumbini hakwenda tena. Nilipomuuliza alisema magoti yanauma.

Yalipita karibu miezi miwili hivyo. Nilijiambia ataisahau. Nilijiambia pia kwamba mzee hana cha kupoteza, na mimi kazi yangu ni jina langu. Nimeyaandika maneno hayo hapa ili niyaone yalivyo.

Halafu Jumamosi moja nikaenda Luzira bila kumwambia, kupakia nyimbo zilizopatikana. Mlango wa chumba cha marehemu mama ulikuwa wazi. Baba alikuwa amesimama mbele ya skrini, hatua moja kutoka mezani, mikono nyuma. Alikuwa akisoma kwa sauti ya chini, herufi kwa herufi, na hakuna mtu aliyekuwa akimsikiliza kwenye simu. Akimaliza mstari anaifungua mikono, anaenda kwenye meza ya cherehani kilipo kitabu chake, anaandika, anarudi, anaifunga tena mikono nyuma. Nilisimama mlangoni mpaka alipogeuka akaniona.

Alipokwenda jikoni kunichemshia chai nikafungua kile kitabu. Nilirudi nyuma kurasa mpaka ile Jumamosi. Lakini wino wa kwanza wa kunihukumu ulikuwa wiki tatu kabla yake. Programu ilikuwa imeanza kuonya mapema kwamba mabadiliko makubwa yanakuja na nyimbo zihamishwe kwanza. Baba alikuwa amelinakili onyo lote la Kiingereza, herufi kubwa zote, bila kukosea hata nukta. Chini yake ameandika: Nimepiga simu mara tatu. Afande hakuchukua. Wiki iliyofuata onyo lilelile, na simu mara mbili. Wiki ya tatu onyo bila simu. Na chini ya Jumamosi yenyewe, maneno yaliyoongezwa baadaye kwa wino mwekundu, ambao kazini kwao ulikuwa wa makosa: Nyimbo zimepotea. Kosa ni la mlinzi. Alipanguza. Afande amethibitisha.

Aliporudi na chai nilikuwa nimekaa sakafuni.

"Baba, si wewe."

"Nini?"

"Nyimbo. Si wewe uliyezifuta. Ni yale maagizo niliyoiachia mashine, ijijibu yenyewe."

Aliweka vikombe chini kwa uangalifu. "Na kitambaa?"

"Kitambaa hakikufanya kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Baba."

Akakaa kwenye kigoda cha mama. Alikuwa akihesabu kitu usoni mwangu. "Ile siku mama ya kwaya iko hapa. Wewe ulikwisha jua?"

"Nilijua kabla sijafika."

Nilingoja anigombeze, na naapa ningelipokea kofi kwa shukrani. Baba akachukua kitabu, akakifungua ukurasa mweupe, akatoa kalamu mfukoni.

"Sema polepole," alisema. "Nataka kuandika."

Nikasema. Aliniuliza tarehe, nikamtajia. Aliniuliza saa, nikaitafuta kwenye kumbukumbu za mashine nikamtajia na dakika. Maneno ya kigeni nilimtajia herufi kwa herufi, na mara mbili aliniambia nirudie.

"Aliyeamuru?"

"Mimi."

"Aliyebonyeza?"

"Hakuna aliyebonyeza, Baba. Ilijibonyeza."

Akainua kalamu. "Hakuna? Kitabu hapana kubali hakuna. Mlango ikifunguka, mtu alifungua. Aliyebonyeza nani?"

"Mimi," nikasema.

Akaandika. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa wino mwekundu, akaupitishia mstari mmoja ulionyooka katikati ya maneno, kwa rula, maneno yakabaki yanasomeka vizuri. Kwao maandishi ya uongo hayafutwi wala kuchanwa. Yanakatwa kwa mstari na aliyesema uongo anatia sahihi pembeni. Nikatia sahihi.

"Sasa twende," alisema, akitafuta kofia yake. "Wenye nyimbo wasikie."

Ukumbini nilisoma ukurasa mzima mbele ya kwaya, kuanzia tarehe. Kitabu nilikiweka juu ya kinanda. Nilipomaliza, mama muuza vitenge akauliza, bila ukali, "Na ulimuachaka Papa abebe ile yote, yeye peke yake?"

"Ndiyo," nikasema.

Alikwenda kwenye kona, akachukua kile kiti cha plastiki, akakifuta kwa kitenge chake, akakiweka pembeni ya waimba besi. Baba akaenda kukaa. Mimi nilisimama mlangoni mpaka mazoezi yakaisha, kwa kuwa hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyeniambia nikae.

Skripti niliiandika upya. Sasa ina mistari mingi kuliko mwanzo. Inaweka akiba kwanza, haifuti kitu, na ikikutana na swali inasimama, inangoja mtu ajibu. Nilidhani nimemrudishia baba kazi yake. Jumamosi ya kwanza simu ikalia saa nne, nikaipokea palepale mezani mbele ya wenzangu.

"Afande. Inauliza swali."

Akanisomea herufi kwa herufi, nikamsikiliza mpaka mwisho. "Bonyeza y, Baba."

"Hapana. Mimi nasoma tu. Kubonyeza kuja wewe."

Ningeweza kubonyeza kutoka pale nilipokaa, kwa sekunde mbili. Nikachukua boda mpaka Luzira, na tangu hapo nakwenda kila Jumamosi. Ananisomea, mikono nyuma. Nabonyeza, anaandika. Jioni tunakwenda ukumbini pamoja, yeye anaenda kwenye kiti chake, na ripoti natoa mimi. Nasema nyimbo ni ngapi na kwamba akiba imewekwa, basi. Ule utani wake wa hakuna iliyotoroka siwezi kuumalizia, na yeye hautoi tena.

Mwezi uliopita nilimjaribu. Mashine ilikuwa imeuliza swali jepesi kabisa, lisilo na hatari yoyote. Nikasogea pembeni, nikasema, "Baba, hii bonyeza wewe. Ni y tu. Nakuomba."

Aliitazama kibodi. Nyuma yake niliona mkono mmoja ukikaza kidole gumba cha mwingine.

"Hapana, Afande," alisema kwa upole. "Mkono yangu ilikwisha andikwa."

"Ile ilikatwa, Baba. Nilitia sahihi."

"Ndiyo. Imekatwa." Alingoja nisogee mbele ya kibodi. "Lakini bado inasomeka."

Nikabonyeza. Akaenda kwenye meza ya cherehani, akaandika saa.